Mkono wa Kulia wa Gervais

Asubuhi, kwenye barabara inayotoka Rwekubo kwenda Mbarara, wabeba ndizi husukuma baiskeli zao kupanda milima. Mikungu ya matoke hufungwa pande zote mbili na mwingine juu, hivi kwamba kwa mbali humwoni mtu wala baiskeli, unaona tu kijishamba kinachotembea. Kwa miaka mingi kati yao alikuwepo mmoja asiyesukuma. Huyo ni Gervais, jirani yetu wa Rubondo, baba yake Ineza. Yeye alipanda mlima akiwa ameketi, miguu imetulia juu ya pedali, na mkono mmoja umeshika nyuma ya lori.

Hakujifunzia Uganda. Gervais ni mtu wa Bugarama, kule juu milimani Burundi, ambako barabara inashuka kwa mizunguko mpaka Bujumbura. Wanaume wa kwao hushuka na ndizi kwa kasi inayowafanya abiria wa magari wafumbe macho. Kurudi ndiko kazi. Ule mlima haukanyagiki, kwa hiyo wanangoja lori linalopanda polepole na kulishika. Jambo hilo lina adabu zake. Unagonga bodi kwa kiganja mara moja ili utingo ajue upo. Hushiki lori kwenye kona. Na unaachia kabla ya kilele, kwa sababu lori likishaanza kushuka halikumbuki tena kama limebeba mtu. Gervais alianza kushika malori kabla hajaanza kunyoa ndevu. Mtu wa Bugarama, alikuwa akisema, hakanyagi mlimani, anangoja.

Mwaka 2015 alipokimbia aliiacha kinga yake, ndivyo tunavyoiita baiskeli, kwa mtu mmoja mpakani ambaye aliahidi kuitunza. Alipofika Nakivale, makazi ya wakimbizi, na mkewe Cansilde, na Ineza akiwa mgongoni, alipewa kiwanja Rubondo kama wengine, akajenga, akalima maharage. Baadaye akapata fremu kuukuu pale Rwekubo, akaiungia magurudumu ya baiskeli mbili tofauti, akaanza kupeleka matoke Mbarara, katika soko dogo la Ruti.

Siku za mwanzo alipata taabu ambayo hakuitazamia. Burundi magari hupita kulia, na mwendesha kinga yuko ukingoni, kwa hiyo lori linampita upande wa kushoto naye analishika kwa mkono wa kushoto. Uganda ni kinyume. Mkono wa kushoto ulikuwa ukinyooka wenyewe kuelekea vichakani. Ilibidi aufundishe mkono wa kulia upya, kama mtoto anayefundishwa kula. Alitusimulia hayo akicheka, akituonyesha kiganja cha kulia ambacho kilikuwa kimeanza kuwa kigumu, na kile cha kushoto ambacho kilikuwa kinalainika. Alisema ukimbizi wake wote uko hapo, katika viganja viwili.

Nyumba ya Gervais na Cansilde ilijaa vitu vya watu walioondoka. Rubondo, mtu akiitwa kwenda Kanada au Amerika, hugawa vyombo vyake jioni ya mwisho. Benchi lao lilikuwa la familia iliyokwenda Kanada. Sufuria kubwa ilikuwa ya mjane aliyepelekwa Australia. Hata picha ya Bikira Maria iliyokuwa ukutani ilitoka kwa mtu mwingine, na nyuma yake palikuwa na jina la mtoto nisiyemjua. Wao wenyewe waliwahi kuhojiwa, wakaambiwa wasubiri, wakasubiri. Baada ya miaka kadhaa Cansilde aliacha kuuliza. Alipokea kila sufuria kwa mikono miwili, akashukuru, akaitia masizi.

Basi ilikuwa hivyo mpaka siku Mbabazi alipomsimamisha Gervais.

Mbabazi ana banda la kutengeneza baiskeli Ruti, kando ya barabara ya Kabale, na amekusanya vijana kadhaa anaowafundisha mashindano. Alikuwa amemwona Gervais mara nyingi akishuka kuingia mjini na mzigo wake, akiilaza baiskeli kwenye kona bila kugusa breki. Siku hiyo alimwita.

"Wewe Burundi, kuja hapa," alisema, kwa Kiswahili chake cha Mbarara. "Hiyo ndizi ukitoa, wewe nakimbia namna gani?"

Gervais akamjibu kwamba hajui, kwa kuwa hajawahi kuitoa.

Kisa cha Mbabazi kilikuwa hiki. Alikuwa na rafiki Mwingereza, mzee aliyeitwa Colin, mwalimu mstaafu, ambaye kila mwaka alikuja Mbarara kwa majuma machache na kuendesha baiskeli na vijana. Chama cha Colin huko kwao, cha watu wazima wapendao baiskeli, kilikuwa kimeamua kumwalika mwendeshaji mmoja kutoka huku. Angekwenda mwezi wa Juni, akae juma moja nyumbani kwao, aendeshe nao katika vilima vya mkoa unaoitwa Shropshire. Nafasi ni moja. Atakayeshinda mbio za kutoka Rwekubo hadi Ruti ndiye atakayekwenda. Na mkimbizi je? Mbabazi alisema mkimbizi naye ana miguu. Aanze tu kushughulikia hati ya kusafiria mapema, maana inachelewa.

Colin alimpa Gervais kitabu kidogo chenye picha na maelezo ya njia za baiskeli za kwao. Gervais hajui Kiingereza. Jumapili ile, baada ya misa, alikuja kwetu na kigoda chake mwenyewe, kitabu kimefungwa katika kitambaa, akamwomba mama yangu Perpétue ruhusa ya kumwazima mwalimu. Mwalimu ni mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo Mbarara na kurudi kufundisha shule ya msingi papo hapo Rubondo.

Tukaanza kusoma, Jumapili baada ya Jumapili.

Kitabu kilieleza njia nyembamba ambazo gari moja tu linaweza kupita, na pande zote mbili pana ua wa vichaka vilivyosokotana, mrefu kuliko kimo cha mtu. Ukipita hapo, kilisema, huoni chochote ila njia na anga, kisha ua unakatika penye geti la mbao na ghafla unaona bonde zima chini, mashamba ya kijani ya aina kumi, kondoo, moshi wa nyumba moja. Vilima havikuwa virefu. Vilipanda na kushuka, vikapanda tena, kama blanketi ambalo mtu amelala chini yake. Palikuwa na makanisa ya mawe ambayo funguo zake zinatunzwa na bibi wa nyumba ya pili. Palikuwa na kijito kinachokatisha barabara, na waendeshaji wanapita ndani ya maji miguu imeinuliwa. Katikati ya njia wanasimama kunywa chai na kula mkate mtamu, halafu wanaendelea.

Gervais alisikiliza huku ametazama chini. Maswali yake yalikuja mwishoni.

"Hapo, mwalimu, banabeba nini?"

Nilimwambia hawabebi kitu. Chupa ya maji, labda koti.

"Sasa banaenda fasi gani?"

Niligeuza ukurasa kutafuta mahali wanapokwenda. Wanatoka nyumbani, wanazunguka vilima, wanarudi nyumbani. Hayo ndiyo maelezo yote yaliyokuwemo.

Natanaeli, Mkongomani wa Kivu Kusini anayechunga ng'ombe na kupeleka maziwa Rwekubo kwa baiskeli, alikuwa ameegemea ua wetu akisikiliza. Alicheka mpaka kopo lake likagonga nguzo. Alisema Wazungu wana shida mingi: mtu ana gari nyumbani, analiacha, anapanda kinga, anaenda mpaka anatokwa jasho, anarudi palepale bila hata ndizi moja.

"Weye Gervais," akamwambia, "ukifika kule utabashangaza. Utabauliza soko liko wapi."

Gervais naye alicheka, lakini baadaye, Natanaeli alipokwisha kwenda, aliniomba nisome tena pale penye geti la mbao. Nikasoma. Aliuliza kama malori yanapita njia hizo. Nikasema hapana, ni nyembamba mno. Akauliza sasa wanapandaje.

"Kwa miguu yao," nikasema.

Aliangalia picha muda mrefu. Alisema angependa kujua hiyo ikoje. Tangu akiwa kijana hajawahi kukaa juu ya kinga isipokuwa kwa kazi ya mizigo, na hajawahi kwenda mahali ambapo hakuna mtu anayemngoja na mizani. Angependa kuwa mwepesi juma moja tu, katika njia tulivu ambayo hakuna anayempigia honi. Hayo ndiyo aliyoyataka. Sikumsikia akitaka zaidi.

Cansilde alitaka zaidi. Alimwambia mama yangu waziwazi, wakipepeta maharage, kwamba mtu akishatoka humu asirudi kusema habari za chai. Akifika atafute padri, atafute mwanasheria, atafute mtu yeyote, akae, kisha awaite. Kwa mumewe alisema maneno machache zaidi. "Ukifika, baba Ineza, usigeuke." Kisha Cansilde alianza kutoa vitu. Benchi la waliokwenda Kanada alimpa jirani aliyekuwa amefika karibuni, na sufuria moja akampa mama yangu. Mimi niliiona sufuria ile jikoni kwetu nikaelewa kwamba kwake yeye safari imekwisha kuanza.

Mazoezi yalikuwa ya Jumapili mchana. Mbabazi alimwazima baiskeli ya mbio, nyepesi hata Ineza aliiinua kwa mkono mmoja. Mara ya kwanza Gervais alianguka kabla hajafika mwisho wa maduka. Alizoea baiskeli inayokaa chini kwa uzito wa mikungu, na hii ilikimbia chini yake kama mbuzi. Alimwomba Mbabazi amruhusu afunge mkungu mmoja tu nyuma, mdogo, wa kumtuliza. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Baada ya hapo jina lake likawa Mkungu Mmoja, na mwenye kulitumia zaidi alikuwa Kizito, kijana wa Ruti, mwembamba, mwenye mapafu kama ya farasi, ambaye kila mtu alijua ndiye wa kuogopwa katika mbio hizo.

Lakini Gervais alijifunza. Mbabazi alimpa sheria chache naye akazishika. Ya kwanza kati ya zote ilikuwa hii: hakuna kushika gari. Mbabazi alikuwa amemwona, alijua. Gervais aliapa kwa Bikira Maria, na kila Jumapili alipanda milima yote kati ya Ruti na mji mdogo wa Kaberebere kwa miguu yake, akitema mate, akimlaani Mbabazi kwa Kirundi, na kila Jumapili alipanda haraka kidogo kuliko iliyopita. Alikuja kutuambia kwamba sasa anajua. Mlima unaoukanyaga mwenyewe, alisema, unaukumbuka wote.

Jumatatu alirudi kwenye ndizi. Hapo hapakuwa na namna. Ukisukuma mzigo ule milima yote unafika soko limekwisha, na matoke yaliyolala yanauzwa kama chakula cha nguruwe. Kwa hiyo Jumatatu mpaka Jumamosi aliendelea kungoja lori, kugonga bodi, kushika. Mbabazi alijua pia, na alimwambia tu apunguze. Siku sita mkono ulikuwa na mazoezi yake, na miguu ilikuwa na siku moja. Hakuna kati yetu aliyelitazama jambo hilo hivyo wakati ule.

Siku ya mbio ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Februari, jua kali, vumbi jekundu limekaa juu ya majani ya migomba. Barabara haikufungwa. Mbabazi hakuwa na uwezo wa kufunga barabara, kwa hiyo waendeshaji walipita katikati ya pikipiki, ng'ombe na malori ya matoke kama siku zote. Cansilde, Ineza na mimi tulikwenda kungoja Ruti, mahali ambapo mstari wa chokaa ulikuwa umechorwa barabarani. Cansilde alivaa kitenge alichokuwa anakitunza kwa ajili ya Pasaka. Colin alikuwepo, kofia pana, pua imepakwa dawa nyeupe, akitusalimia kila mmoja kwa Kiswahili alichokifanyia mazoezi.

Yaliyotokea mlimani nimeyasikia kwa watu watatu, Gervais, Kizito na Mbabazi, na hayapishani.

Walianza wengi Rwekubo, na kufikia Kaberebere walikuwa wawili. Mtelemko uliofuata Gervais aliufanya jinsi anavyojua, na alipofika chini Kizito alikuwa nyuma sana, nukta ya njano tu. Ulibaki mlima mmoja mrefu, kisha tambarare, kisha mji. Gervais akaanza kuupanda peke yake. Anasema hakuwa amechoka. Anasisitiza hapo kila mara: hakuwa amechoka. Alikuwa anapumua vizuri, alikuwa anafikiria lile geti la mbao, na jinsi bonde litakavyoonekana ghafla.

Kisha akasikia Fuso nyuma yake likishusha gia.

Kila mtu wa barabara ile anaijua sauti hiyo, lori lililojaa matoke likianza mlima, injini ikiguna mara mbili kabla ya kutulia. Lilimpita upande wa kulia, polepole, bodi yake ikiwa karibu kiasi cha kusikia joto. Gervais anasema hakuamua. Aligutuka alipoona miguu haiumi tena. Alitazama, akaona mkono wake wa kulia umeshika chuma cha nyuma ya lori, na kiganja kinamwasha kidogo, maana kumbe kabla ya kushika kilikuwa kimekwisha kugonga bodi, kwa adabu, mara moja. Utingo juu ya ndizi alikuwa anampungia. Walikuwa wanajuana.

Akaachia. Hakukaa hata theluthi ya mlima. Lakini pikipiki ya Mbabazi ilikuwa nyuma kidogo, na pamoja naye msimamizi aliyeletwa na vijana wenyewe ili pasiwe na upendeleo, na Kizito chini alikuwa ameinua kichwa. Gervais akaumaliza mlima kwa miguu. Angeweza kusimama. Alisema hakujua asimamie wapi.

Sisi Ruti hatukujua lolote. Tulimwona akitokea peke yake, mdogo, kisha mkubwa, baiskeli haitikisiki, hakuna mtu nyuma. Watoto wakapiga kelele. Cansilde akapiga vigelegele virefu, vile vya harusini kwetu, mikono juu, kitenge kikilegea, na wanawake wa Ruti ambao hawakumjua wakamuunga mkono. Gervais alivuka mstari bila kuinua uso. Hakusimama. Alikwenda mpaka mwisho wa maduka, akashuka, akaketi juu ya kalavati, baiskeli ya Mbabazi ameilaza mapajani kama mgonjwa.

Cansilde alikuwa bado anapiga vigelegele Mbabazi alipofika. Mbabazi alizima pikipiki na kuvua kofia ya chuma polepole mno, na nadhani Cansilde aliona jinsi alivyoivua, kwa sababu alinyamaza katikati.

Nilipelekwa kufasiri. Colin alikuwa hajaelewa, aliuliza kuna nini, tairi, ajali? Gervais alisema bila kunitazama: "Mwambie nilishika lori."

Nikamwambia.

"Mwambie sikuwa nimechoka."

Hilo nililifasiri mara mbili, maana Colin hakuona linahusu nini. Kisha akauliza kushika lori ni kufanyaje. Gervais akaeleza habari za Bugarama, ndizi, mlima, adabu za kugonga bodi, mkono wa kushoto na mkono wa kulia, nami nikafasiri yote. Macho ya mzee yule yakawa yanawaka. Alisema katika maisha yake yote ya baiskeli hajasikia jambo zuri kama hilo. Akaomba aonyeshwe. Gari dogo la kubebea mizigo lilikuwa limeegeshwa hapo, na Gervais, mtu mpole, akainuka, akagonga ubavu wake kwa kiganja, akashika, akainamisha kichwa jinsi wanavyofanya. Watu waliokuwa wamezunguka walicheka. Colin akampiga picha. Ineza, ambaye alikuwa na umri wa kuelewa, alikwenda kusimama nyuma ya mama yake.

Halafu Colin akasema, kwa upole wa kweli, kwamba sheria ni sheria na vijana wengine wameona, na kwamba nafasi ni ya Kizito. Aliushika ule mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Nilifasiri hilo pia, ingawa halikuhitaji kufasiriwa.

Mbabazi alimsindikiza mpaka kituoni. Njiani alimwambia, "Mzee, kama mimi peke yangu naona, mimi nasahau." Gervais alimshukuru. Kizito hakumwita tena Mkungu Mmoja. Alimwita mzee, na hilo, Gervais aliniambia baadaye, lilikuwa baya zaidi.

Jioni ile, nyumbani, alimuuliza mkewe kama amekasirika. Cansilde alikuwa anakunja kitenge cha Pasaka.

"Nikasirikie nini?" akasema. "Mkono huo ndio umetulisha. Niukate?"

Akaweka kitenge kwenye mfuko, akaenda kuwasha moto. Hakudai benchi lirudishwe. Mama yangu alijaribu kurudisha sufuria, akakuta mlango umefungwa na watu wamo ndani, akarudi nayo. Tunaipikia mpaka leo.

Mnamo Mei Kizito alinyimwa viza. Hakuelezwa vizuri kwa nini. Muda wa kutafuta mtu mwingine haukuwepo, na Juni wale wazee wa Shropshire waliendesha wenyewe katika vilima vyao, wakapita kwenye kijito miguu imeinuliwa, wakanywa chai, na nafasi ya mgeni ilikaa tupu. Colin alimwandikia Mbabazi kwamba amesikitika, kwamba wanachama wanazeeka na magoti yanagoma, na kwamba hadhani watajaribu tena.

Mvua za Septemba zilipoanza, Gervais aliitwa. Hati yake ya kusafiria ilikuwa imetoka. Ni kitabu kizuri, chenye picha yake akiwa ameuma meno, na kurasa nyingi tupu za mihuri. Alikuja nacho kwetu, akakaa kwenye kigoda chake, akaniomba nimsomee. Nilisoma jina, tarehe ya kuzaliwa, nchi, na tarehe ambayo hati itakufa. Akauliza kama kuna kingine kilichoandikwa humo. Nikasema hakuna. Akaiweka katikati ya kile kitabu cha njia za baiskeli, penye ukurasa wa geti la mbao, akavifunga vyote katika kitambaa, akaniachia mimi. Alisema kwao paa linavuja.

Bado anapeleka ndizi Ruti. Ila sasa anasukuma. Hakumwambia mtu sababu, wala hakuna aliyemuuliza zaidi ya Natanaeli, ambaye alimpigia kelele siku ya kwanza, "Gervais, lori lako hili linakupita!", akidhani hajaliona. Gervais hakugeuka, na Natanaeli ameacha utani huo. Kwa kusukuma, anafika soko likiwa linafungwa na kuuza kwa bei ya wanaochelewa, na Cansilde ameanza kwenda kulima mashamba ya watu ili Ineza abaki shuleni.

Nilimwona juma lililopita, nikiwa ndani ya teksi kwenda Mbarara. Alikuwa kwenye ule mlima mrefu baada ya Kaberebere, ameinamia mzigo, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia ameuzungushia kamba ya mikungu mpaka kwenye kifundo. Mbele yetu Fuso lilikuwa linapanda polepole. Lilipomfikia, utingo aliyekuwa juu ya matoke alimtambua, akainama, akagonga bodi kwa kiganja, mara moja, akangoja. Kisha akagonga tena.

Gervais aliendelea kusukuma. Dereva wetu akapata nafasi, akalipita lori na baiskeli.